Uzuri wa Mkakasi: Kompyuta Katika Sinema

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



 Najua kwamba mtu anayesimama kuhutubia wakati harufu ya pilau inaingia kutoka jikoni hana rafiki ukumbini; kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye shabaha.

Jambo lenyewe mnalijua. Chama cha michezo ya kuigiza cha shule yetu kimeanza kutengeneza sinema fupi, na vijana wametuandikia barua yenye adabu na hesabu zilizopangwa vizuri, wakiomba mfuko wetu uwanunulie kompyuta moja kubwa yenye nguvu. Wanaeleza kwamba katika sinema yao ijayo wanataka kuonyesha mji unaoteketea kwa moto, jeshi la watu elfu kumi, na joka linalotoka ziwani. Kamati imeniomba niseme neno kwa kuwa nimekula mkate wa sinema kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwendesha mashine katika jumba la sinema, na baadaye nikiwa mhariri wa mikanda. Nilikubali kwa sharti kwamba vijana wenyewe wawepo wanisikie, maana si desturi njema kumjadili mtu naye hayupo.

Nianze kwa kuondoa shaka. Mimi si adui wa kompyuta, wala sikuja hapa kuwaambia kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri na leo kila kitu ni kibaya. Zamani tulionyesha sinema mbovu kwa wingi, na nyingine nilizionyesha mimi mwenyewe mara tatu kwa siku. Ninalotaka kusema ni moja tu, nalo ni hili: chombo kinachoweza kufanya kila kitu humwondolea fundi wajibu wa kuchagua, na fundi asipochagua, mtazamaji naye huacha kuamini.

Wazee wetu walikuwa na neno kiinimacho. Mfanya mazingaombwe alisimama uwanjani, akatoa shilingi katika sikio la mtoto, na watu wazima waliojua fika kwamba sikio halizai shilingi wakapiga makofi. Sinema tangu kuzaliwa kwake ni kiinimacho cha namna hiyo. Hata ile tunayoiita picha ya kweli si chochote ila picha tulivu 24 zinazopita mbele ya taa katika sekunde moja, nalo jicho letu likakubali kwamba zinatembea. Mfaransa Georges Méliès, ambaye mwaka 1902 aliwapeleka watazamaji mwezini kwa kombora lililomwingia mwezi jichoni, alikuwa mfanya mazingaombwe jukwaani kabla ya kushika kamera. Mwaka 1933 Willis O'Brien aliwatisha watu kwa sokwe King Kong, ambaye kwa hakika alikuwa sanamu ndogo ya kusimama mezani, mifupa yake ya chuma na manyoya yake ya sungura, ikisogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Ray Harryhausen, aliyejifunza kazi kwa O'Brien, alitoa mwaka 1963 filamu ya Jason and the Argonauts, ambamo mifupa saba ya wafu inapigana kwa panga na watu watatu. Tukio hilo ni la dakika chache tu, nalo lilimchukua zaidi ya miezi minne.

Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba udanganyifu uliletwa na kompyuta. Kompyuta iliukuta nyumbani, nayo iliingia kwa kubisha hodi. Katika Westworld ya mwaka 1973 ilitumika kwa muda mfupi tu, kuonyesha jinsi mtu wa mashine anavyoiona dunia. Katika Tron ya mwaka 1982 ilichora dakika kama 15 hadi 20. Hapo wote tulisema: hiki ni chombo kipya, tungoje tuone. Nami nataka tutazame mifano miwili ya mtu mmoja, ili muone chombo hiki kinapokosekana na kinapotumika kwa kiasi.

Mwaka 1975 Steven Spielberg, aliyekuwa hajatimiza miaka 30, alitoa filamu ya papa mla watu, Jaws. Alitengenezewa papa wa mashine. Papa huyo alipotiwa katika maji ya bahari, mitambo yake ikawa inaharibika mara kwa mara. Mwongozaji akabaki na mashua, wachezaji, bahari, na papa mgonjwa. Akafanyaje? Akamficha. Akatuonyesha miguu ya waogeleaji kutoka chini. Akatuonyesha mapipa ya manjano yakikokotwa juu ya maji na kitu tusichokiona. Akamwachia John Williams kazi ya kututisha kwa muziki ambao mwanzo wake ni noti mbili tu. Mtazamaji hamwoni papa sawasawa mpaka imepita zaidi ya saa nzima, na kufika hapo kila mtu ukumbini amekwisha kumtengeneza papa wake mwenyewe kichwani, mkubwa kuliko yeyote ambaye fundi angeweza kumwunda.

Miaka 18 baadaye, mwaka 1993, mtu huyo huyo alikuwa na kompyuta. Alitengeneza Jurassic Park, habari za mijusi wakubwa wa kale, jamaa za yule aliyechimbuliwa Tendaguru kule Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin mpaka leo. Filamu ile ina zaidi ya saa mbili. Wanyama hao wanaonekana kwa dakika zipatazo 15 tu, na zile zilizochorwa na kompyuta hazifiki hata nusu ya hizo. Zilizobaki ni kazi ya karakana ya Stan Winston, iliyounda mnyama mzima wa mitambo na ngozi ya mpira. Tena, tukio ambalo kila mtu analikumbuka halina mnyama wala kompyuta. Ni glasi ya maji iliyowekwa ndani ya gari, na maji yanaanza kutetemeka kwa mbali. Mnajua walilifanyaje? Walifunga uzi wa gitaa chini yake, mtu akawa anaupiga kwa kidole. Uzi wa gitaa, Ndugu Mwenyekiti! Ndio uliotufanya tunyamaze sote.

Angalieni mgawanyo wa kazi ulivyokuwa. Kompyuta ilipewa yale ambayo mikono haikuyaweza: mnyama mzima akikimbia mchana kweupe. Mikono ikapewa yale yaliyohitaji kuguswa. Na fikira ya mtazamaji ikapewa sehemu kubwa kuliko zote. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengi waliiga kompyuta, wakaacha kuiga mgawanyo.

Sasa tuje karibu na nyumbani, kwa maana katika mambo ya wanyama hakuna atakayetudanganya. Wazee wenzangu wengi mnaikumbuka Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962, akiwamo John Wayne. Ilipigwa katika sehemu za Arusha, kabla ya Uhuru wa Tanganyika, nayo ilihusu watu wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Hadithi yake si kitu cha kusifia sana. Lakini kifaru anapoligonga gari, gari linayumba; vumbi linamwingia mchezaji machoni; na kamba inapokaza unaiona mikono ya watu ikivutwa. Wachezaji wenyewe ndio waliokuwa juu ya magari hayo. Nilipokuwa nikiionyesha filamu hiyo, nilikuwa natazama kupitia kidirisha cha chumba cha mashine, nikawaona watu wa viti vya mbele wakivuta miguu yao ndani.

Kisha ikaja The Lion King ya mwaka 1994, iliyochorwa kwa mkono Marekani. Wasanii wake walifika Kenya kuitazama nchi, na simba hai waliletwa mbele yao wakawachora. Majina ya lugha yetu, Simba na Rafiki, yakazunguka dunia nzima. Humo nako kompyuta ilikuwamo, lakini ilikaa mahali pake. Ilitumika zaidi katika mbio za nyumbu, wale wanaoporomoka bondeni na kumkanyaga Mufasa, kwa sababu hakuna mchoraji ambaye angeweza kuchora nyumbu kwa mamia, kila mmoja na mwendo wake. Ni dakika mbili na nusu, nazo zilichukua zaidi ya miaka miwili. Mtoto yeyote aliyeiona anakumbuka vumbi lile likitulia, na mtoto wa simba akimsukuma baba yake aamke.

Mwaka 2019 hadithi hiyo hiyo ilitengenezwa upya chini ya uongozi wa Jon Favreau. Safari hii kila jani, kila unywele na kila chembe ya vumbi ilitoka katika kompyuta. Katika filamu nzima ni picha moja tu, ile ya jua likichomoza mwanzoni, iliyopigwa kwa kamera barani Afrika. Gharama yake ilitajwa kuwa dola za Marekani milioni 260 hivi. Kwa ustadi, vijana, nawaambieni ukweli: sijaona kitu kama kile. Ukisimamisha picha huwezi kujua kwamba simba yule hakuzaliwa.

Lakini simba wa kweli hana nyusi za kuhuzunikia wala midomo ya kutabasamia. Wachoraji wa mwaka 1994 walilijua hilo, wakamkopesha simba uso wa binadamu. Mafundi wa mwaka 2019 walitaka simba awe simba kabisa, wakaurudisha mkopo. Basi mtoto anapomwamsha baba yake aliyekufa, sauti inalia lakini uso umetulia kama wa simba anayeota jua pale Serengeti. Tukapata kitu ambacho si cha huku wala si cha kule: si wanyama wa kweli kama tunavyowaona mbugani, wala si mchoro wenye moyo wa mchoraji. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa, kwa nini inakuwa hivyo? Nimeona sababu tatu.

Ya kwanza ni uzito. Jicho halikusoma fizikia, lakini linaijua tangu utotoni. Kila aliyewahi kurusha jiwe, kubeba ndoo ya maji, au kukimbizwa na ng'ombe, anajua kwamba kitu kizito hukawia kuanza na hukawia kusimama. Katika sinema nyingi za siku hizi majumba ya ghorofa huanguka kama makaratasi, na watu huruka kutoka juu ya paa wakasimama bila kupinda goti. Hata kamera haina uzito. Kamera ya kweli hubebwa na mtu au gari. Kamera ya kompyuta hupenya katika tundu la ufunguo, ikapaa juu ya mawingu, kisha ikapita chini ya tumbo la farasi anayekimbia. Jicho linatambua, hata kama ulimi hauna maneno ya kulisema, kwamba hapakuwa na mtu aliyesimama pale akashuhudia. Na ushahidi usio na shahidi haumwogopeshi mtu.

Ya pili ni uchaguzi. Zamani mwongozaji alipaswa kuamua asubuhi: taa ikae wapi, mvua iwepo au isiwepo, adui aonekane lini, maana jioni mambo yalikuwa yamekwisha. Siku hizi limezuka neno moja katika studio, nalo ni "tutarekebisha baadaye". Rangi ya mbingu, baadaye. Umbo la zimwi, baadaye. Hata mwisho wa hadithi, baadaye. Mwaka 2019 filamu ya Cats, ambayo wachezaji wake walivikwa manyoya ya paka kwa kompyuta, ilikwenda katika majumba ya sinema haijakamilika. Mahali pamoja mkono wa mchezaji ulionekana ni mkono mtupu wa binadamu, na pete kidoleni. Siku chache baada ya kuanza kuonyeshwa, studio ikalazimika kupeleka majumbani nakala nyingine iliyorekebishwa. Hayo ndiyo matunda ya baadaye. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na mwenye kuogopa kuamua asubuhi huamuliwa na usiku.

Ya tatu ni watu. Katika kutengeneza The Hobbit, filamu iliyotoka mwaka 2012, mchezaji mkongwe wa Uingereza, Ian McKellen, aliwekwa peke yake mbele ya vitambaa vya kijani, akizungumza na picha za wenzake ambao walikuwa mahali pengine, ili baadaye kompyuta imfanye yeye mrefu na wao wafupi. Mzee yule, aliyezoea jukwaa la Shakespeare na pumzi ya mwenzake, alilia. Alisema wazi kwamba hakuingia katika uigizaji kwa ajili ya kazi ya namna ile.

Na mafundi wa kompyuta je? Msidhani kwamba mashine hufanya kazi peke yake. Nyuma ya kila simba wa kompyuta kuna mamia ya vijana wasiolala. Mwaka 2012 ilitoka Life of Pi, yenye chui mkubwa aina ya taiga aliyetengenezwa kwa ustadi wa ajabu, na hapo kompyuta ilikuwa na haki, maana huwezi kumfungia kijana na taiga katika mashua moja. Mwezi Februari 2013 filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo hiyo. Lakini katika mwezi huo huo kampuni iliyomtengeneza taiga, Rhythm & Hues, ilikuwa imetangaza kufilisika, na mamia ya mafundi walisimama nje ya sherehe kulalamika. Kiongozi wao alipopanda jukwaani kupokea tuzo, akaanza kuitaja shida ya kampuni yao, walimpigia muziki wa kumfukuza jukwaani. Na muziki wenyewe, Ndugu zangu, ulikuwa ule wa papa wa Jaws. Mwaka 2023 mafundi wa picha za kompyuta wa kampuni ya Marvel walipiga kura wote kwa kauli moja wajiunge na chama cha wafanyakazi. Mtu anayeandika "tutarekebisha baadaye" na akumbuke kwamba baadaye hiyo ina jina la mtu, na mtu huyo ana mke na watoto wanaomngoja nyumbani.

Najua yapo maswali, na haki inanitaka niyajibu.

Mtu ataniuliza: mbona ile The Lion King ya mwaka 2019 ilichuma zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani? Ni kweli, ilichuma. Lakini waliokuja walikuja kwa hadithi waliyoipenda tangu 1994, wengi wao wakiwa wamewashika watoto wao mkono. Yalikuwa ni mavuno ya shamba lililolimwa na wengine. Swali ni je, nani atakayelima shamba jipya.

Mwingine ataniuliza swali zito zaidi: je, si bora kompyuta kuliko kumtesa kiumbe? Hapa sina ubishi. Wanyama wa Hatari! walikimbizwa kwa magari mpaka wakachoka, na leo sisi tusingekubali jambo hilo katika nchi yetu. Katika The Charge of the Light Brigade ya mwaka 1936, farasi walitegewa nyaya waanguke, na wengi wakafa. Mwaka 1982, huko California, mchezaji mmoja na watoto wawili waliuawa na helikopta iliyowaangukia wakati wa kupiga picha ya vita. Kama kompyuta ingeweza kuokoa mmoja tu kati ya hao, ningeipigia magoti. Kuwaokoa watu na wanyama ni kazi yake ya kwanza na ya heshima. Ninalolipinga ni kuitumia kuokoa mwongozaji asifikiri.

Tena ipo mifano ya kutosha kwamba mambo haya yanapatana. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 ilipigwa katika jangwa la Namibia. Mwongozaji wake, George Miller, aliunda magari ya kweli, akayakimbiza kweli, na watu wakaning'inia kweli juu ya nguzo ndefu zinazoyumba kutoka gari moja hadi jingine. Kompyuta iligusa picha zipatazo 2,000 za filamu hiyo: ikafuta kamba za usalama, ikabadili rangi ya mbingu, ikaongeza tufani. Lakini chini ya kila picha palikuwa na mchanga. Na mwaka 2023 Wajapani walitoa Godzilla Minus One, iliyogharimu chini ya dola milioni 15. Mwongozaji Takashi Yamazaki alisimamia mwenyewe kazi ya kompyuta, akiwa na mafundi 35 tu na picha 610. Mwezi Machi 2024 walipata tuzo ya Oscar, wakiwashinda matajiri waliotumia mara kumi na zaidi. Kwa nini? Kwa sababu hawakuwa na fedha za kupoteza, ikawabidi wajue mapema zimwi laonekana wapi, na nani anayelitazama, na huyo anayelitazama amefiwa na nani.

Wadogo zetu, pengine mtasema moyoni: mzee huyu anazungumzia burudani kana kwamba ni jambo la kufa na kupona. Basi nisikilizeni. Zamani mtu aliposema "nimeona kwa macho yangu", mashauri yalikwisha. Leo mtu huandika maneno machache, na mashine ikamtengenezea picha zinazotembea za jambo ambalo halikutokea kamwe: kiongozi akisema asiyoyasema, mji ukiungua usioungua. Picha hizo zinatufikia katika simu zetu kila siku. Hatari iliyopo ni mbili. Moja ni kwamba tutaamini uwongo. Ya pili, nayo naiogopa zaidi, ni kwamba tutachoka, na siku tutakapoonyeshwa mateso ya kweli ya jirani zetu, tutasema "hiyo ni kompyuta" na kuendelea kula. Jicho lililoshibishwa viinimacho hupoteza huruma. Kwa hiyo nataka shule hii itoe vijana wanaojua picha ya kweli inavyopatikana, kwa jasho na subira, ili waweze kuitambua na kuitetea.

Sasa nirudi kwenye barua yenu. Mmeomba mji unaoteketea. Mimi nawaambia: tieni taa nyuma ya karatasi ya rangi ya chungwa, itikiseni kidogo, na mulikeni uso wa bibi mmoja aliyesimama usiku, akiwa amebeba cherehani yake kichwani, kitu pekee alichookoa. Majivu yadondoke polepole begani mwake. Makelele ya watu yasikike kwa mbali, wakiitana majina. Huo ndio mji unaoteketea, na gharama yake haifiki bei ya gunia la mahindi.

Mmeomba jeshi la watu elfu kumi. Mpandisheni mtoto mmoja juu ya mwembe ule ulio nyuma ya mabweni, muulizeni anaona wangapi. Aanze kuhesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu, ishirini, arobaini, kisha anyamaze, ashuke mti mbio. Vumbi na miguu ya wenzenu thelathini vitamaliza kazi iliyobaki.

Na joka la ziwani? Mtumbwi urudi ufukoni peke yake, nyavu zikiwa zimechanika. Mke wa mvuvi aukaribie, achungulie ndani, asiseme neno. Msituonyeshe alichokiona. Mkiwa mmefanya hivyo na bado mnahisi kwamba joka lazima litokee, basi njooni mwakani, tutazungumza habari za kompyuta kubwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kutoa mchango wangu.

Ndugu Mwenyekiti, sikusudii vijana hawa waondoke mikono mitupu. Ombi lao ni la haki na bidii yao tumeiona. Napendekeza kwamba fedha zile zile walizoziomba zitumike kwa mpango ufuatao. Kwanza, zinunuliwe kamera moja nzuri na mguu wake, maikrofoni mbili za kufaa, na taa nne. Pili, inunuliwe kompyuta ndogo ya kawaida ya kukatia na kuunganishia picha, kwa sababu bila hiyo hakuna sinema siku hizi. Tatu, karakana ya useremala ya shule ipewe mbao, rangi na vitambaa, wanafunzi waunde kwa mikono yao watakavyovihitaji. Nne, kila mwaka mmoja wetu mwenye ujuzi, awe fundi umeme, mshonaji, mwanamuziki au mwalimu wa lugha, aje akae nao juma moja, maana sinema ni kazi ya mafundi wengi na sisi hapa tupo wengi. Kitakachosalia kiwekwe akiba kwa ajili ya kompyuta kubwa, siku watakapotuletea hadithi isiyowezekana bila hiyo.

 Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.